Kibali cha Kazi Ujerumani: Barua Zenu, Majibu Yetu

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira na uhamiaji mjini Berlin, Septemba 2024, barua zinazouliza habari za kibali cha kazi cha Ujerumani zimezidi nyingine zote katika safu hii, na si kutoka Kenya tu. Safari hii tumeziachia nafasi yote. Viwango vya mshahara na vya akiba tulivyovitaja ni vya mwaka 2026. Hubadilika karibu kila Januari, basi ukisoma ukurasa huu mwaka ukiwa umeshapita, vihakikishe kwanza.

Wakala mmoja hapa mjini anataka shilingi 180,000 anitolee kibali cha kazi cha Ujerumani. Anasema nafasi 250,000 za Wakenya zinakaribia kujaa. Sina mwajiri bado, naye anasema mwajiri atapatikana nikishafika. Nilipe? (Msomaji, Eldoret)

Usilipe, ndugu. Hizo nafasi 250,000 hazipo. Idadi hiyo ilienea kwenye vyombo vya habari siku makubaliano yaliposainiwa, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikaikanusha waziwazi: makubaliano hayo hayataji idadi yoyote wala mgao. Yalichofanya ni kurahisisha ushirikiano wa serikali hizi mbili. Masharti ya kuingia ni yale yale ya sheria ya uhamiaji ya Ujerumani, ambayo yanamhusu Mkenya kama yanavyomhusu Mtanzania au Mhindi.

Jambo la pili ndilo linalowaponza wengi. Tangu 2005 Ujerumani haimpi mgeni kibali cha kazi kama karatasi ya peke yake. Ruhusa ya kufanya kazi huandikwa ndani ya viza, na ukishafika huandikwa kwenye kadi yako ya ukaazi. Kwa kazi nyingi ni lazima Wakala wa Ajira wa Shirikisho, yaani Bundesagentur für Arbeit, uridhie. Lakini ridhaa hiyo huombwa na ofisi ya serikali, kwa njia ya ndani. Wewe huiombi, huilipii, na hakuna mtu wa mtaani anayeweza kukuletea. Anayekuuzia kibali kabla hujapata mwajiri anakuuzia kitu ambacho hakijawahi kuchapishwa.

Ada ya viza yenyewe ni euro 75, unailipa kwenye kituo unakowasilisha ombi. Gharama nyingine za kweli ni za tafsiri, mitihani ya lugha na utambuzi wa vyeti, na kila moja ina risiti. Ukitaka kumtumia wakala, tafuta jina lake kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira (NEA), kisha mwombe vitu viwili: jina kamili na anwani ya mwajiri, na rasimu ya mkataba. Akisita kwenye hivyo viwili, maliza mazungumzo.

Mimi ni muuguzi, nina stashahada na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, nina uzoefu wa miaka minne na Kijerumani kiwango cha B1 (viwango vya lugha hupanda kutoka A1 hadi C2). Hospitali moja ya Ujerumani imenitumia mkataba, lakini umeandikwa kwamba nitaanza kama msaidizi wa wauguzi. Je, nimeshushwa cheo? Na nianzie wapi? (Dada muuguzi, Mwanza)

Hapana dada, hiyo ndiyo njia ya kawaida. Uuguzi Ujerumani ni taaluma inayolindwa na sheria: hakuna anayeitwa muuguzi mpaka stashahada yake ya nje ilinganishwe na ya kwao na apewe hati ya utambuzi. Wageni wengi huingia kwa viza ya kifungu cha 16d cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani, wakafanya kazi kama wasaidizi huku wakimalizia utambuzi huo. Viza hiyo hutolewa hadi miezi 24, na inaweza kurefushwa mpaka jumla ya miezi 36.

Uanzie kwenye ofisi ya utambuzi ya jimbo iliko hospitali yako. Ujerumani ina majimbo 16, na kila moja lina ofisi yake na orodha yake ya nyaraka. Faili lililopangwa kwa ajili ya Bavaria huenda likarudishwa Hessen kwa kukosa karatasi moja. Kwa kawaida utatakiwa pasipoti, wasifu wa Kijerumani wenye tarehe na sahihi, cheti cha kuzaliwa, stashahada, matokeo ya masomo yote, leseni, na barua za waajiri wako zinazotaja tarehe za kuanza na kumaliza, idara uliyokuwemo na saa za kazi kwa wiki. Nyaraka hizo zitafsiriwe kwa Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa mahakamani. Uliza mapema kama ofisi ya jimbo lako inakubali tafsiri iliyofanyiwa Dar es Salaam au Nairobi, kwani baadhi hutaka mtafsiri wa Ujerumani.

Mafaili mengi hukwamia kwenye saa za masomo. Mafunzo ya uuguzi ya Ujerumani ni miaka mitatu yenye saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za wodini, na afisa anayelinganisha huanza na hesabu hiyo. Matokeo ya vyuo vyetu mara nyingi huonyesha alama tu: Anatomia B, Uuguzi wa Jamii A. Asipoona saa, afisa hawezi kukuhesabia somo hilo hata kama ulilisoma mwaka mzima. Rudi chuoni ukaombe mtaala wa miaka uliyosoma wewe, wenye saa za nadharia na za vitendo kwa kila somo, wodi ulizopitia na wiki ulizokaa katika kila wodi, ukiwa na muhuri na sahihi ya mkuu wa chuo. Fanya hivyo ukiwa bado Mwanza. Kumtuma mtu huko wewe ukiwa Ulaya huchukua miezi.

Angalia pia majina. Stashahada ikisema jina la pili na la tatu yamebadilishana nafasi, au herufi moja imepotea kwenye leseni, au ulibadili jina ulipoolewa, ambatanisha kiapo na cheti cha ndoa. Ofisi ya Ujerumani haitakisia kwamba ni mtu yule yule.

Baada ya ukaguzi utapokea barua inayoorodhesha mapengo, inayoitwa Defizitbescheid. Usiikatie tamaa. Karibu kila muuguzi wa nje hupewa, na ndiyo msingi wa viza yako. Inakupa njia mbili za kuziba mapengo: kozi ya kujazia wodini, au mtihani wa maarifa wenye sehemu ya mdomo na ya vitendo. Mtihani ni mfupi, lakini ukishindwa marudio yana kikomo. Kozi huenda taratibu na inakufunza lugha ya wodi. Kwa mwenye B1, sisi tungechagua kozi. Kumbuka B1 inakuingiza nchini, lakini ili upewe hati ya uuguzi wenyewe utatakiwa ufikie B2.

Sasa soma mkataba wako upya kwa jicho la mwanasheria. Mkataba utaje mshahara wa kipindi cha usaidizi na ule utakaoanza siku unayopata hati, nani analipa kozi, mtihani na darasa la B2, na kama muda wa darasa unahesabiwa kazini. Tafuta kifungu cha kurudisha gharama: baadhi ya waajiri hukufunga kwa miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unadaiwa maelfu ya euro. Kuna alama rasmi ya ubora, Faire Anwerbung Pflege Deutschland, na wenye alama hiyo wanatakiwa kubeba gharama za kumwajiri muuguzi bila kumtoza yeye. Ukitaka kuonyesha faili lako kwa mtu asiye na maslahi, ofisi ya serikali ya ZSBA iliyoko Bonn hushauri walio nje ya Ujerumani bila malipo.

Naweza kwenda na viza ya matembezi ya siku 90, nikatafuta kazi, nikapata mkataba na kuubadilisha kuwa kibali hapo hapo? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Kwa raia wa nchi zetu, viza ya kazi huombwa kabla ya kuingia. Ukipata mkataba ukiwa matembezini, utarudi nyumbani kuombea huko. Na ukianza kazi bila ruhusa, hata ya siku mbili jikoni mwa mgahawa, hatari yake ni kufukuzwa na kupigwa marufuku ya kurudi.

Nina shahada ya teknolojia ya habari kutoka chuo kikuu cha umma Nairobi. Kampuni imeniahidi euro 46,000 kwa mwaka. Je, natosha kupata Kadi ya Buluu? (Kijana wa kompyuta, Thika)

Unatosha, kaka, ila kwa unywele. Kadi ya Buluu ya Ulaya, yaani kibali cha ukaazi na kazi cha wenye elimu ya juu, ina mistari miwili ya mshahara wa chini unaotakiwa. Mstari wa kawaida ni euro 50,700 kwa mwaka kabla ya makato. Mstari wa chini, euro 45,934.20, ni wa fani zenye uhaba wa watu, kompyuta ikiwemo, na wa waliohitimu ndani ya miaka mitatu iliyopita. Umeuvuka huo wa chini kwa euro 65.80 tu.

Kinachohesabiwa ni mshahara ulioandikwa na usio na masharti. Bonasi ya "kulingana na utendaji" haihesabiwi. Mweleze mwajiri apandishe kidogo, angalau 47,500, kwa sababu mistari hii hupanda Januari na ombi likichelewa unaweza kujikuta chini yake. Waajiri wengi hukubali, maana tofauti hiyo ni ndogo kuliko kuanza kumtafuta mtu mwingine.

Halafu shahada. Fungua anabin, hifadhidata ya bure ya vyuo na shahada za dunia nzima. Chuo chako kiwe na alama ya H+, yaani kinatambuliwa, na shahada yako, kwa jina lake kamili, iwe imelinganishwa na ya Ujerumani. Chapisha kurasa zote mbili. Watu huleta ukurasa wa chuo peke yake, na ombi linalala. Kama shahada haimo, omba tathmini kutoka ZAB, ofisi ya Ujerumani inayotathmini vyeti vya nje, kwa euro 208, na uiombe sasa hivi, usisubiri miadi ya ubalozi.

Mkataba uwe wa miezi sita au zaidi. Mwajiri ajaze fomu iitwayo Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis, inayotaja kazi, saa, likizo na mshahara. Ilinganishe na mkataba mstari kwa mstari kabla ya kuituma: mkataba ukisema saa 40 na fomu saa 38.5, Wakala wa Ajira atauliza, na kuuliza huko ni wiki kadhaa. Kwa kuwa uko kwenye mstari wa chini, ridhaa yake inahitajika, naye huangalia kama unalipwa sawa na wenzako wa Kijerumani kwa kazi hiyo hiyo. Kwenye mstari wa juu ridhaa haihitajiki.

Nyaraka hupakiwa kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, ambayo tangu Januari 2025 inapokea maombi ya viza ya kazi kwa karibu balozi zake zote. Zikikaguliwa utaitwa uende na hati halisi na kuchukuliwa alama za vidole. Kadi hii ina faida ambazo hatungependa uzikose: mke au mume wako haulizwi Kijerumani wala hangoji ruhusa kufanya kazi, na baada ya miezi 21 ukiwa na B1, au 27 ukiwa na A1, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Nina miaka 38, fundi umeme mwenye cheti cha miaka miwili cha chuo cha ufundi, uzoefu wa miaka sita mfululizo, na Kijerumani cha A2. Nimesikia kuna Kadi ya Fursa, ambayo haitaki mwajiri. Nifuate hiyo? (Fundi, Nakuru)

Kwanza tuhesabu, fundi. Kadi ya Fursa, yaani Chancenkarte, ilianza 1 Juni 2024 na inataka alama sita. Uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita, katika fani uliyosomea, unakupa 3. Umri kati ya miaka 36 na 40 unakupa 1. A2 inakupa 1. Hapo una 5. Ya sita utaipata kwa cheti cha Kiingereza cha C1, au kwa kupanda kutoka A2 hadi B1, inayohesabiwa 2. Sisi tungekuambia upande B1 na kusahau C1. Kiingereza hakitakusaidia kwenye jengo ambako michoro na maonyo ya usalama yote ni ya Kijerumani.

Kabla ya alama, mafunzo yako yawe ya miaka miwili au zaidi na yatambuliwe na serikali ya nchini kwako, na ZAB ndiyo inayothibitisha hilo. Cheti chako cha miaka miwili kina nafasi. Mwenye jaribio la ufundi la serikali peke yake, bila miaka ya darasani, hatavuka hapo hata angekuwa na mikono ya dhahabu.

Sasa fedha: lazima uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani 13,092 kwa mwaka mzima, kwa kawaida kwenye akaunti iliyofungwa ambayo hukuachia kiasi cha mwezi mmoja kwa wakati. Na kadi hii si kibali cha kazi kamili. Inakuruhusu saa 20 kwa wiki na majaribio ya kazi ya wiki mbili mbili, huku ukitafuta ajira ya fani yako. Mwaka ukiisha bila ajira hiyo, kwa kawaida ni kurudi.

Kwa fundi umeme tunaona kuna njia bora. Omba utambuzi wa cheti chako ungali Nakuru: umeme wa viwandani ni kwa IHK FOSA, ofisi ya utambuzi ya chemba za viwanda na biashara iliyoko Nürnberg, na wa majumbani ni kwa chemba ya ufundi ya eneo unalokwenda. IHK FOSA hutoza kati ya euro 100 na 600. Ukitambuliwa kikamilifu, alama hazihesabiwi tena, na mwajiri anaweza kukuchukua moja kwa moja. Ukitambuliwa nusu, mwajiri anaweza kukuleta ukamalizie kazini kwake. Ama akiba ya 13,092, itabaki nyumbani na watoto.

Viza yangu ya kazi imekataliwa. Barua inasema sifa zangu haziendani na kazi niliyopewa. Rafiki ameniambia niandike barua ya kupinga kwa ubalozi, ni bure. Inafaa? (Msomaji, Mombasa)

Rafiki yako anasema jambo lililokuwa kweli zamani. Barua hiyo ya kupinga, Remonstration, ilifutwa kwa balozi zote za Ujerumani tarehe 1 Julai 2025. Sasa njia ni mbili: kuomba upya na kulipa tena euro 75, au kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja tangu upewe uamuzi. Soma chini ya barua uone muda uliotajwa, uandike siku uliyoipokea.

Kesi ni ghali na ndefu. Inafaa pale ubalozi ulipoielewa sheria vibaya ilhali nyaraka zako zilikuwa kamili. Kwa sababu uliyoandikiwa, mara nyingi kosa liko kwenye maelezo ya kazi: mhasibu ameandikiwa mkataba wa "msaidizi wa ofisi", au mhandisi wa ujenzi wa "mfanyakazi wa eneo la ujenzi". Ofisa akisoma hivyo haoni kazi ya mtaalamu. Mwombe mwajiri aandike majukumu halisi, kwa kina, na ni yapi yanahitaji shahada yako. Majukumu yakiwa kweli ni ya mtu asiye na ujuzi, viza ya mtaalamu haitatoka hata ukiomba mara kumi.

Ukiomba upya, mwambie mwajiri atumie utaratibu wa haraka wa wataalamu. Unampa idhini ya maandishi, naye anaanzia ofisi ya wageni ya mji wake kwa ada ya euro 411. Ofisi hiyo hukagua kila kitu kabla, na ikitoa ridhaa ya awali, ubalozi unatakiwa ukupe miadi ndani ya wiki tatu na uamue ndani ya wiki tatu nyingine.

Niko Stuttgart. Kadi yangu ya ukaazi inaisha mwezi ujao na ofisi ya wageni imenipa miadi baada ya miezi mitatu. Bosi anasema itabidi nisimame kazi. Na mama anaumwa Bagamoyo, nataka kwenda kumwona. (Msomaji, Stuttgart)

Pole kwa mama. Bosi amekosea, mradi uombe kabla kadi haijaisha. Ombi la kurefusha likifika ofisini hata siku moja kabla, kadi ya zamani huhesabiwa kuwa hai mpaka uamuzi utoke, pamoja na ruhusa ya kazi iliyomo. Likifika siku moja baadaye, kinga hiyo huna. Kwa hiyo usingoje miadi: tuma ombi leo kwa njia ya mtandaoni ya ofisi hiyo au kwa barua ya rejista, na uhifadhi uthibitisho wenye tarehe. Kisha omba cheti cha muda, Fiktionsbescheinigung, umpe bosi nakala.

Ruhusa inabaki ile ile. Karatasi ya ziada ya kadi yako ikitaja jina la mwajiri, ni huyo huyo. Kuhama kazi kunahitaji ruhusa mpya.

Kuhusu safari, fungua cheti hicho cha muda uangalie kisanduku kilichowekwa alama. Kikiwa ni cha kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, aya ya 4, unaweza kutoka na kurudi ukiwa na pasipoti, kadi ya zamani na cheti chenyewe, vyote vitatu mkononi. Kikiwa ni cha aya ya 3, ukitoka hutaweza kurudi nacho. Na hakikisha tarehe ya mwisho ya cheti inapita tarehe ya ndege ya kurudi kwa wiki kadhaa, maana shirika la ndege ndilo litakalokukagua kwanza pale uwanja wa Dar es Salaam.